Hata Zabibu Inaungua

Asubuhi ile nilitoka nyumbani Miyuji na begi moja, bila kujua naenda wapi. Nilijua tu kwamba nikibaki nitamtukana dada yangu, na yeye hakuwa mkosaji.

Dada yangu ana ualbino. Miaka yote amevaa kofia pana na mikono mirefu, na hakukosa losheni ya kukinga jua. Kisha akapita muuza mafuta mmoja na vichupa vyake: mafuta ya zabibu, eti yanalinda seli shina za ngozi, ukipaka huna haja ya kofia. Dada akanigeukia mimi, akaniuliza kama ni kweli. Shule niliacha darasa la sita, lakini nasoma chochote kinachoshikika. Nikatafuta kwenye simu, nikakuta kwamba ganda la zabibu lina kemikali zinazoweza kuzikinga seli shina, zile zinazozaa ngozi mpya, zisiharibiwe na mionzi ya jua. Nikamsomea kwa mbwembwe, naye akaacha kofia. Kwamba hizo ni seli za kwenye kisahani cha maabara, si sikio la mtu anayeuza nyanya juani, hilo nililiruka kama tangazo.

Sasa sikioni ana kidonda kisichopona. Nilipomwambia avae kofia twende hospitali, alinicheka.

"Si wewe ulinisomea, profesa wa darasa la sita?"

Akachukua ndoo yake ya nyanya, akaondoka kichwa wazi. Nami nikaondoka.

Nilidandia lori la kwenda Mvumi kwa sababu ndilo lililosimama. Tulipokaribia Mvumi nikashuka, nikamkuta mama mmoja shambani kwake, anakata mashada ya zabibu na kuyatupa. Upande mmoja yalikuwa yamesinyaa, rangi ya ugoro.

"Shikamoo, mama. Ni ugonjwa?"

"Marahaba. Ugonjwa gani! Jua hilo. Vibarua wamekata majani, wameninyolea mizabibu kipara."

"Lakini ganda la zabibu si ndilo lenye kinga ya jua?"

Akachuma moja iliyokunjamana, akanitia kiganjani. "Iulize yenyewe."

Nikaifinya kwa hasira. Tunda linalojitengenezea kinga hiyo linaungua likivuliwa majani, na yule tapeli anampa dada yangu tone la mafuta na kumvua kofia! Na mimi nilimsaidia.

Nikapiga picha ya mashada yale, nikamtumia dada. Akanipigia papo hapo.

"Hizo ndizo zabibu zako?"

"Ndizo. Zina kila kitu nilichokusomea. Dada, nilisoma nusu. Njoo, huku Mvumi kuna hospitali."

Nikasikia ndoo ya nyanya ikitua chini.

"Kesho nakuja. Na nitakuzaba kibao mbele ya daktari."

"Njoo unizabe."

Nilipata nyumba ya wageni karibu na barabara. Mhudumu akauliza kama niko peke yangu.

"Nipe vyumba viwili," nikamjibu, bado nimefura. "Kimoja kiwe kile kisichopigwa na jua."