Sufuria Moja ya Dada Blandine

Dada yangu Blandine alikuwa mpishi wa kusifiwa, na kila alichopika alikionja mbele ya wageni kabla hajampa mtu sahani. Kwetu Bukavu, mashariki mwa Congo, ndivyo mwanamke anavyowaonyesha watu kwamba chakula ni salama. Sumu inaogopwa sana kule, na hofu hiyo hatukuiacha mpakani tulipokimbilia Kampala. Nyumba yetu ya mtaa wa Katwe haikukosa wageni: waumini wenzetu, wauza vitenge, watu walioshuka kwenye basi asubuhi bila kujua watalala wapi. Blandine alipakua, akachota kidogo, akala, akasema, "Karibuni kwa jina la Yesu." Ndipo watu walipoanza kula.

Naandika haya kwa sababu amefariki. Msibani walimsifu kwa sauti yake ya kwaya na kwa roho yake ya ukarimu, na ni kweli yote. Lakini kuna jambo halikutajwa ambalo mimi, Annick, mdogo wake, naliona kubwa.

Presha yake iligunduliwa kanisani, siku wauguzi walipokuja kupima watu baada ya ibada. Hakuwa akiumwa popote. Alipewa dawa, na pia akaombwa kuingia katika utafiti. Watafiti hao hawakuuliza kama watu wanajua ubaya wa chumvi nyingi, maana karibu kila mtu anaujua. Walitaka kuelewa kinachotokea kati ya kujua na kutenda, hata mtu anayejua aendelee vilevile. Walimpa ushauri, kisha mara kwa mara wakampima presha na mkojo, kwa sababu mkojo unaonyesha chumvi uliyokula.

Aliyemfuatilia alikuwa msichana wa Kiacholi aitwaye Acan, binti wa polisi, aliyejifunza Kiswahili katika kambi ya polisi alikozaliwa. Blandine alimwita daktari, na kila mara Acan alimkumbusha kwamba yeye si daktari. Ushauri wenyewe ulikuwa mwepesi: mgonjwa ajipikie kando, katika sufuria ndogo, kwa chumvi kidogo sana na bila vikolezo vya pakiti.

Blandine akanunua sufuria ndogo. Haukupita muda, mama mkwe wake, Mama Marie-Louise, akaja kutoka Bukavu kukaa nasi.

Jioni ya kwanza Blandine alimpikia sombe, kisamvu cha kwetu, na samaki. Akamwekea sahani mbele yake, kisha akaketi na kufunua kisufuria chake mwenyewe. Hakuonja ile sufuria kubwa. Nafikiri alisahau tu, kwa furaha ya kupata mgeni na kwa hamu ya kutii wauguzi. Mama Marie-Louise alinawa mikono mara ya pili, akasema safari imemchosha, akaenda kulala bila kugusa chakula. Kesho yake alikula chapati kwa jirani. Ikawa hivyo siku zilizofuata.

Hakuna aliyetamka neno sumu. Ubaya wa neno hilo ni kwamba halitamkwi, linatembea tu. Jumapili niliwasikia akina mama wa kanisa wakiulizana mbona mgeni wetu anakonda, na waliozoea kula kwetu wakaanza kuja wakiwa wameshiba. Shemeji yangu Mugisho, mtu wa utani, wiki ile hakutania. Alimwomba mkewe ale na watu, basi.

Kisufuria kikaenda chini ya kitanda. Mama akarudi mezani, na presha ikapanda hadi Blandine akawa anashika ukuta anapoinuka. Kliniki walipomuuliza, alijibu kwamba anafuata kila kitu. Mkojo ukasema vingine.

Nilidhani Acan atamgombeza. Badala yake alikuja nyumbani mchana mmoja, Mama akiwa kwenye maombi, akaomba kukaa jikoni chakula kikipikwa. Hakuuliza kwa nini Blandine hatii. Aliuliza chakula kikishaiva katika nyumba hii, nani anakula kwanza.

Blandine aliacha mwiko ndani ya sufuria.

"Mimi," alisema. "Nikipakua halafu nisile, watu wataniogopa. Daktari, afadhali niugue kuliko mama wa mume wangu kuogopa mkono wangu."

Acan alimwita kwa jina la mwanawe. "Mama Bienfait, wako wanawake wengine wa Congo ambao mkojo wao uko kama wako. Sisi tuliandika kwamba wanasahau."

Alisema atawapelekea wenzake jambo hilo, na baadaye nilisikia kwamba ushauri wa sufuria ya kando uliachwa. Siku ile, wakiwa wameketi kando ya sigiri, walipanga mpango mwingine. Nyumba nzima ingekula sufuria moja, na chumvi ingepunguzwa polepole, kwa maana ulimi hujifunza. Acan alisema ukiuzoesha kidogo, utafika wakati ladha ya zamani itauchoma.

Lakini sufuria moja ilitaka Mama aambiwe ukweli, na Blandine alikuwa ameficha ugonjwa wake asionekane mke mbovu. Jioni ile nilimsikia akiomba nyuma ya pazia. Kisha akatoka, akapakua, akala matonge kadhaa mbele yetu sote.

"Mama, nina presha," alisema. "Kile kisufuria kilikuwa dawa yangu. Leo tunakula sufuria moja, na chumvi imepungua. Nikikukosea, niambie mimi, usiende kwa jirani."

Mama Marie-Louise akauliza, "Ugonjwa ni wako, chumvi unaninyima mimi?"

"Wewe na mwanao, Mama."

Mugisho akaonja. "Sombe hii imeokoka," alisema. "Imeacha anasa zote za dunia."

Mama alicheka kabla hajajizuia, na akala.

Walilalamika kwa majuma. Blandine aliweka kibakuli cha chumvi katikati, atakaye aongeze. Mwanzoni mikono ilikuwa inagongana humo. Baadaye chumvi ile ilishika unyevu, ikawa jiwe, na hakuna aliyeivunja. Presha ikashuka. Wageni wakarudi na njaa yao.

Alifariki msimu huu wa mvua, mshipa ulipopasuka kichwani, akiwa anakunja vitenge. Acan alikuja msibani akakaa nasi mkekani. Mtu mmoja alimuuliza kwa ukali utafiti wao ulimsaidia nini marehemu. Alijibu kwamba utafiti unaweza kuwaambia habari za watu wengi, lakini siku ya mtu mmoja hauijui. Siku hiyo anaijua Mungu peke yake, nami nimejaribu kuridhika na hilo. Siku nyingine siridhiki. Lakini namshukuru Mungu kwa miaka ambayo dada yangu alikula na watu wake na hakuna aliyemwogopa.

Chakula cha matanga walipika akina mama wa kanisa, kwa upendo, kama walivyozoea kupika. Mama Marie-Louise alitia tonge la kwanza mdomoni, akalishikilia, akalimeza kwa shida.

"Chumvi imezidi," alisema.

Mugisho alisimama akatoka nje. Mama akafunga kitenge chake kiunoni, akaenda jikoni, akapika mwenyewe. Aliporudi aliweka sufuria katikati yetu, akachota, akala kwanza, akatukaribisha kwa jina la Yesu.