Kompyuta Ilisema Hawezi Kuzaa Hivyo

Kazi yangu pale Dzaleka, kambi ya wakimbizi Malawi, ilikuwa kuwatuliza watu waliofutwa na kompyuta. Usicheke. Ofisi iliniita mshauri, ikanifundisha kuwaambia watu wavute pumzi taratibu. Mtu kaondolewa kwenye orodha ya chakula, watoto hawajala, na mimi namwambia avute pumzi! Hata leo nikikumbuka naona haya.

Mama mmoja wa Fizi, Kongo, mshonaji, alikuja na karatasi yake. Kompyuta ilikuwa imemfuta yeye na nyumba yake yote. Kosa? Aliandikisha mabinti wawili waliopishana miezi minne. Hakuna mwanamke anayezaa hivyo, basi huyu ni mwongo.

"Bote ni batoto bangu," aliniambia, halafu akapunguza sauti. Yule mdogo alikuwa wa dada yake mkubwa, aliyeuawa vitani mtoto angali mchanga. Alikimbia nao, mmoja mgongoni, mmoja kifuani, akawanyonyesha wote wawili. "Yeye hajue. Na asijue."

Kwetu mtoto wa dada yako ni mtoto wako, kwisha. Nani angeieleza mashine hayo?

Nilikwenda ofisi kubwa Lilongwe kumtetea. Bosi alinisikiliza vizuri, akatikisa kichwa. Mashine ina "mtoto" na ina "yatima", alisema, mama achague. Na huyo binti mdogo lazima awepo, apigwe picha upya. Nilirudi kwa minibasi hadi Lumbadzi, nikapanda kabaza, baiskeli ya abiria.

Majuma matatu walikula nsima, ugali wa kupewa na majirani. Mimi ndiye niliyemwambia akubali "yatima". Mimi, mshauri!

Siku ya picha karani aliuliza kwa Kiingereza, na wa kutafsiri nilikuwa mimi: "Mama wa huyu mtoto ni nani?"

Nikatafsiri. Binti, miaka tisa, akacheka. "We, si njo huyu?" akasema, amemshika kitenge.

"Mama yake alikufaka," mama akasema, macho chini. "Mi ni mama yake mudogo."

Karani akabonyeza. Mashine ilikubali palepale, na unga ukarudi. Ofisini wakanipongeza.

Juma lililofuata nilipita kuwaona. Binti alikuwa mlangoni, hakunisalimu. Aligeuka ndani akaita:

"Mama mudogo, kuko mugeni yako."