Mbwa Anayesimama Tu

Rafiki yangu alikaa Geita miaka miwili akishuka duarani, yaani kwenye mashimo ya dhahabu, na kijiji kizima kinamsubiri arudi na bati za nyumba. Alirudi na mbwa.

Sitanii. Mweupe, mabaka ya kahawia, masikio yamelala kama nguo iliyoanikwa. Alipewa na mzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Watu ambao Geita yenyewe wanaisikia redioni wakageuka washauri: "Wenzako wanarudi na pikipiki, wewe umetuletea mdomo wa kulisha." Wawili niliwakunja mashati. Wa tatu alikuwa shemeji, nikamwacha kwa heshima ya dada. Rafiki yangu wa kumcheka ni mimi, tena tukiwa wawili tu.

Shida ilikuwa baba yake.

"Mbwa hapa anachunga ng'ombe au anabwekea mwizi," mzee alisema. "Huyu kazi yake nini?"

"Anawinda ndege, baba."

"Kamfundisha nani?"

"Wazungu."

"Haya. Jumapili anaondoka."

Alishamwahidi mtu wa machinjio amchukue, akamfunge mnyororo. Rafiki yangu akawa hali chakula. Mimi nilijua kwa nini, na nilikatazwa kusema. Siku udongo ulipomfukia kule shimoni, huyo mbwa alikaa juu akakwaruza na kubweka mpaka watu wakaja kumtoa. Nyumbani hakuna aliyeambiwa. Mama yake angejua, Geita ingeishia hapo.

Jumamosi asubuhi tukatoka kutafuta kwale, mzee aone kazi. Mbwa wake, na wangu wawili: jike jekundu la kienyeji, mbavu unazihesabu kwa mbali, na dume ambalo baba yake alikuwa mlinzi wa stoo ya mchele Kahama. Kichwa cha askari, miguu ya mbuzi. Timu ya taifa kabisa.

Sisi tunawinda kwa kelele. Kwale unamrusha, unamkimbiza, unamrusha tena. Akiruka mara ya tatu amechoka, anajificha kwenye majani, mbwa anamkamata. Hakuna elimu hapo, ni mapafu.

Tukafika chini ya kilima. Mbwa wa kizungu akanusa kidogo, halafu akaganda. Mguu mmoja wa mbele juu, mkia umenyooka kama mpini wa jembe.

"Kachomwa mwiba," nikasema, kwa sababu mimi udaktari wa mifugo nimejifunza mwenyewe kwenye simu.

Nikapiga magoti. Nikaushika ule mguu, nikapekua kidole kimoja kimoja. Mbwa hata hakuniangalia.

"Mwiba hakuna. Kateguka."

"Au jua?" Rafiki yangu akamwagia maji kichwani, maji yetu ya kunywa yote. Mbwa kimya, anatiririka tu. "Mungu wangu, kapooza!"

Akasogea hatua moja ili ambebe, na kwale watano wakalipuka katikati ya miguu yake. Mimi nilikaa chini. Huo mwiba niliokuwa nautafuta nikaukuta hapo. Tulipokumbuka kwamba tuna rungu, kwale walishavuka shamba la dengu, na mbwa wangu mashujaa walikuwa mbali huko wanamfokea kenge.

"Kumbe alikuwa anatuonyesha," akasema.

"Miaka miwili unaye, hujui?"

"Duarani kuna kwale?"

Basi tukajifunza kunyamaza, mimi kwa mara ya kwanza maishani. Akisimama, nawashika wangu shingo, rafiki yangu anapiga kichaka teke, narusha rungu, naachia jike. Mpaka mchana tulikuwa na watatu.

"Shikamoo baba." Nikawaweka mbele ya mzee.

"Marahaba. Wamekamatwa na nani?"

Na mimi na mdomo wangu: "Jike langu."

"Na huyu alifanya nini?"

"Alisimama."

"Hata ng'ombe wangu wanasimama. Tena wanatoa maziwa."

Damu ikanipanda. Rafiki yangu akanikanyaga mguu, nilisikia vizuri, sikujali.

"Mzee, mwanao alifukiwa mzimamzima! Wote walikimbia, huyu ndiye aliyebaki anakwaruza! Leo unampeleka machinjio?"

Jikoni mchi wa mama yake ukanyamaza.

Mzee akamgeukia mwanae. "Ulifukiwa?"

Rafiki yangu aliniangalia mimi, na kwa macho yale afadhali angenipiga.

Kwetu kichwa cha ndege ni haki ya mbwa aliyemkamata. Mzee akachukua kisu, akakata vichwa vyote vitatu, akampita jike langu bila hata samahani, akaviweka mbele ya yule mwenye mabaka. Hakusema mbwa abaki. Mtu wa machinjio alipokuja Jumapili alipewa uji akarudi zake.

Lakini mama naye alishalifungia begi la Geita kabatini, ufunguo akaufunga kwenye khanga.

Rafiki yangu hakunisemesha wiki mbili. Kila asubuhi alipita nyuma ya kwetu na mbwa wake, anaenda kilimani, haangalii pembeni. Mbwa wangu wakatoka kumfuata, wote wawili, wanatingisha mikia. Sikuwaita. Nilikuwa nimemuudhi vya kutosha, angalau awe na wa kumkamatia.