Pijo ya Rugemalira

Jirani yangu Ephrasia ni mkaidi. Nasema hivyo kwa kumpenda, maana kibanja chake na changu vinapakana hapa Kagondo tangu sote tukiwa maharusi. Mumewe, Rugemalira, alipofariki alimwachia migomba, kahawa na Pijo 404 iliyomzidi umri binti yao Renatha. Wanaume wa ukoo waliona chuma chakavu. Ephrasia aliona gari ambalo marehemu aliahidi kumpeleka nalo binti yake kanisani.

Ndoa ya Renatha ilikuwa ifungwe Jumamosi, Ijumbi, kwao bwana harusi. Mapema wiki hiyo akaja Byarugaba, mdogo wa marehemu.

"Shemeji, tukodi Noah. Hili tuwape watu wa vyuma chakavu kabla halijatuaibisha barabarani."

"Renatha atapanda gari la baba yake," akajibu Ephrasia, akachukua spana.

Miaka yote ya ndoa alimshikia mumewe tochi, na macho yake hayakuwa yamelala. Alifungua distributa, akapiga msasa pointi zilizochakaa, akasafisha plagi, akafunga betri iliyotoka kuchajiwa. Gari likakohoa, likawaka, tukapiga vigelegele. Kesho yake asubuhi, kimya. Betri imeisha kabisa.

Audax, fundi umeme wa mjini, akaja akabadilisha kaboni za dinamo, ile inayoichaji betri. Betri ikachajiwa, injini ikawaka, na ile taa nyekundu ya chaji ikazimika kama inavyotakiwa. Asubuhi, kimya tena. Sasa ilikuwa Ijumaa, na Byarugaba alikwisha kumpigia simu mwenye Noah. Hata mimi nikamwambia Ephrasia akubali yaishe. Alinitazama mpaka nikaona haya.

"Chaji inaingia," alisema. "Basi kuna mahali inatoka."

Akaazima betri nzima. Akaifunga upande mmoja tu, na upande wa pili akaweka balbu ndogo kati ya waya na betri. Kila kitu garini kilikuwa kimezimwa, lakini balbu ikawaka: umeme ulikuwa unavuja. Akachomoa fyuzi moja baada ya nyingine, na bado inawaka. Ndipo akaanza kufuata waya kwa vidole, akiwa amelala chini na kitenge chake kizuri, mpaka akafika mbele, nyuma ya grili. Palikuwa na waya wa kigeni uliotoka moja kwa moja kwenye betri, na mwisho wake soketi yenye kutu na maji, imegusa bodi. Ndani ya soketi, bawa lililokauka la senene, panzi wetu wa kuliwa.

Byarugaba, aliyekuwa amesimama pembeni, akatazama migomba.

Msimu wa senene uliopita Ephrasia alikuwa Kanazi akimuuguza dada yake. Shemeji mtu akafunga taa kali kwenye betri ya gari ili kuvuta senene, kisha akatoa taa na kuusahau waya. Tena alimpelekea shemejiye bakuli zima la senene, na mama wa watu akashukuru.

"Kikulacho ki nguoni mwako," Ephrasia alisema, akaukata waya kwa koleo. Balbu ikazimika.

Jumamosi Pijo iliwaka papo hapo. Byarugaba, amevaa suti, alisimama mbali uani, hathubutu kusogea. Ephrasia, nyuma ya usukani, akamfungulia mlango wa mbele, akamwita kwa heshima ya Kihaya.

"Waitu shemeji, panda. Hicho ni kiti cha baba wa bibi harusi."

Mimi nilikaa nyuma na Renatha. Byarugaba alilia kutoka Kagondo mpaka Muleba, na hakuna aliyemwambia anyamaze.