Worrel Telemaque na Maji ya Fond Kanel

Pale gatini Roseau, bandari ya meli za watalii kisiwani kwetu, Worrel Telemaque alikuwa dereva pekee ambaye hakupiga kelele. Siku za meli madereva sitini husimama langoni na vibao vyao, wakivutana mashati kwa ajili ya mgeni mmoja, na kazi yangu mimi Marvlyn ilikuwa kuwatenganisha. Nilikuwa mgawa zamu. Nilivaa kizibao cha njano, nikashika ubao wa karatasi mkono huu na redio ya upepo mkono ule, na tangu asubuhi mpaka meli ya mwisho ifungue kamba nilikuwa nikiita majina na kutukanwa.

Meli tatu zikifunga gati siku moja, wanashuka watu elfu tisa kwenye mji ambao ukitembea nusu saa umeumaliza. Tulijifunza kuishi hivyo. Mkate ulinunuliwa jana yake. Mwenye shida ya benki aliwahi kabla milango haijafunguliwa. Mgonjwa aliomba daktari siku isiyo na meli, na akipangiwa siku ya meli alibaki nyumbani na ugonjwa wake.

Wageni wenyewe hawakuwa na raha. Walivuka bahari kuja kuona msitu, wakaona migongo ya wenzao. Walipanga foleni kushuka melini, foleni kupanda basi, foleni ya choo, na wakifika kwenye maporomoko ya maji wakapanga foleni nyingine ili wapigwe picha wakitabasamu. Nimewaona watu wazima wakilia pale ukutani, karibu na duka la kofia, kwa sababu wamepotezana na mke au wamechoka tu.

Hao ndio aliowataka Worrel. Alingoja mabasi makubwa yaondoke, halafu akawaendea wale walioegemea ukuta. Hakuwaita kwa makelele. Alisema, "Poleni. Kuna sehemu haina watu," na wao wakapanda kile kigari chake cha kijani kama watu waliookolewa.

Alikuwa na miaka arobaini na minane, mrefu, mwenye sauti ya chini. Mkewe alikwenda Guadeloupe, kisiwa cha jirani, kutafuta kazi, akapata kazi na mume mwingine. Worrel alibaki na mama yake, Ma Zelie, katika kijiji cha Fond Kanel, nyuma ya mlima, mahali ambapo barabara inakuwa nyembamba hata mbuzi wawili hawapishani bila kuelewana.

Nyuma ya nyumba zao palikuwa na bwawa la maji ya moto. Halikuzidi ukubwa wa chumba cha kulala. Maji yalitoka chini ya mwamba yananuka salfa, yakachanganyika na kijito cha baridi, na watu wa kijiji walikuwa wakioga humo tangu enzi za mababu. Ma Zelie alikuwa na baridi yabisi ya miaka mingi. Asubuhi magoti yake yalikuwa kama yamepigiliwa misumari, lakini akikaa majini saa moja alirudi nyumbani akitembea mwenyewe, akiimba kwa Kikrioli nyimbo ambazo kanisani angezionea haya.

Worrel alipomwomba mama yake ruhusa ya kuleta wageni, bibi alitaka kwanza kujua idadi.

"Wangapi?"

"Wanne, mama. Wasizidi wanne. Mara mbili kwa wiki, na kabla ya saa sita wameshaondoka."

"Na wakija watano?"

"Wa tano atakaa ndani ya gari."

Ma Zelie akacheka. "Haya. Lakini wasije na zile sabuni zao zinazonuka kama harusi."

Ikawa hivyo kwa miaka sita. Wageni waliloweka miguu, bibi akawapa chai ya kakao na mikate ya kukaanga na ng'onda, nao wakarudi gatini wana nyuso nyingine kabisa. Mimi pia Worrel alinipeleka, mwaka ule mgongo uliponikamata nikashindwa kusimama kazini. Alinipeleka Jumapili tatu mfululizo bila kutaka chochote. "Ila usimwambie mtu, Marvlyn," alisema. Nikasema, "Nimwambie nani? Wale wehu wa langoni?"

Mwaka wa sita alikuja mama mmoja Mkanada, mwalimu mstaafu, jina lake Lorraine. Alikuwa ameshuka visiwa vitatu bila kuona chochote isipokuwa umati. Alikaa kwenye bwawa na Ma Zelie, wakashikana mikono, wakaongea kila mmoja kwa lugha yake. Alipoondoka alilia. Alikuwa mtu mwema, na hilo sijaacha kulisema. Aliporudi kwao aliandika mtandaoni ushauri kwa wenzake wanaosafiri kwa meli: namna ya kustahimili bandari zilizojaa. Shukeni mapema au shukeni mwisho. Bebeni maji. Na mkifika Roseau, msifuate mabasi. Mtafuteni Worrel, mtu wa kigari cha kijani. Akaweka na picha.

Msimu uliofuata watu walianza kushuka melini wakiwa na jina lake mdomoni. "Worrel? Worrel?" Mara ya kwanza walikuwa wanane. Akawakatalia wanne. Wiki ya pili wakawa kumi na watano, na mmoja wao alikuwa mzee mwenye fimbo aliyesema ameahirisha upasuaji ili aje. Madereva wakaanza kumdhihaki.

"Bwana mkubwa, leo unampokea nani, malkia?" Cuthbert alimwuliza. Cuthbert alikuwa na basi la viti ishirini na tisa na mdomo wa viti arobaini.

"Niache, Cuthbert."

"Nikuache vipi? Wageni wote wanakutaka wewe. Sisi tunanuka?"

Nilimwona Worrel akijizuia kutabasamu. Binadamu ni binadamu. Mtu aliyepitwa na wenzake miaka yote anaitwa kwa jina na wageni wa mbali, ataachaje kufurahi? Siku hiyo alichukua saba. Wiki iliyofuata alikwenda safari mbili. Ma Zelie aliacha kupika mikate, na mwanawe hakuuliza kwa nini.

Lakini aliyefungua mlango mzima ni mimi.

Ilikuwa Januari, siku ya meli tatu. Mvua ya usiku ilimega mlima, udongo ukafunga barabara iendayo kwenye maporomoko. Kufika saa nne mabasi yote yalikuwa yamegeuza na kurudi gatini, yamejaa watu wenye hasira, na nyuma yao lango lilikuwa bado linatapika wengine. Mtu mmoja alizimia juani. Mtoto akakanyagwa mguu. Redio haikunyamaza.

"Marvlyn!" Cuthbert alikuwa akipayuka. "Watu hawa niwapeleke wapi? Niwapeleke kwa mama yako?"

Nikabonyeza kitufe. Nikasema: "Nendeni Fond Kanel. Kuna maji ya moto. Mkifika kanisani, teremkeni kushoto."

Basi. Yakaondoka mabasi kumi na mawili, gati likapumua, na msimamizi wangu akanipiga bega akisema leo nimeiokoa siku. Nilikunywa maji. Nakumbuka nilijisikia vizuri.

Alichokikuta Worrel jioni ile, mabasi yalipofungua barabara, nilisimuliwa baadaye. Ukingo wa kijito ulikuwa umekanyagwa ukawa tope. Migomba ya jirani ilikuwa imelazwa na mabasi yaliyokosa pa kugeuzia. Bwawa lilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, na juu yake mafuta ya kujipaka yalielea yakimetameta. Ma Zelie alikuwa amekaa jikoni, amefunga dirisha.

Hayakuishia hapo. Sylvanus, binamu yake Worrel, ndiye aliyekuwa na karatasi ya babu inayosema ardhi ile ni yake. Miaka yote karatasi hiyo haikumsumbua mtu. Sasa aliitoa kabatini. Kufika Pasaka bwawa lilikuwa limesakafiwa kwa saruji, lina ngazi za vigae, uzio, lango, na binti wa kukata tiketi. Worrel alikwenda kugombana naye.

"Sylvanus, haya ni maji ya kijiji."

"Kijiji kipi? Kijiji kilikuwa wapi wewe ulipokuwa unaleta wazungu wako wanne wanne?"

Worrel akashika uzio mpya.

"Tena wenyeji hawalipi," Sylvanus akaongeza. "Waje tu. Siku ambazo hakuna wageni wengi."

Ma Zelie alikwenda mara moja. Ilikuwa siku ya meli, hakujua, au alijua na magoti yakamlazimisha. Binti wa langoni alimwambia kwa adabu, "Subiri kidogo, bibi, kundi hili litoke." Bibi akakaa juu ya jiwe, amejifunga taulo, fimbo mapajani. Kundi likatoka, jingine likaingia. Mgeni mmoja akamwonyesha kwa ishara kwamba anaomba kumpiga picha, na kabla hajajibu akawa ameshampiga. Alikaa pale saa mbili. Kisha akainuka akarudi nyumbani na taulo lake kavu.

Jioni Worrel alimwambia, "Kesho hakuna meli, mama. Nitakupeleka mwenyewe."

"Usijisumbue."

"Kwani shida iko wapi? Maji ni yale yale."

"Worrel," alisema bibi, "mimi nilizaliwa hatua mia kutoka kwenye yale maji. Sitayaombea ruhusa kwa mtoto wa kukata tiketi."

Hakuyagusa tena. Magoti yakakaza, halafu nyonga, halafu akawa mtu wa kitandani. Worrel alichemsha maji kwenye sufuria akamkanda asubuhi na jioni, lakini maji ya sufuria si maji ya mwamba, na mtu asiyetembea mapafu yake hujaa maji haraka. Alifariki mwaka uliofuata, mwezi wa Machi, katika hospitali ya mjini, ana miaka sabini na tisa.

Maiti ilikuwa mjini, kaburi Fond Kanel. Padri alikuwa na nafasi Jumatano tu, na Jumatano ile zilifunga meli tatu. Niliomba ruhusa kazini, nikapanda gari la waombolezaji pamoja na Benoite, dada yake Worrel, aliyekuja kutoka Antigua. Tulitoka mjini bila shida. Shida ilianza kwenye kona ya mwisho kabla ya kanisa. Mbele ya gari la jeneza kulikuwa na mabasi tisa yanayopanda, na mengine yakishuka, na hakuna aliyeweza kurudi nyuma. Nilishuka, nikatembea mbele nikipunga mikono. Madereva wote walinijua.

"Cuthbert, sogea! Tuna maiti hapa!"

"Nisogee wapi, dada? Niingie mtoni?" Halafu akaona ni nani aliyesimama nyuma yangu amevaa suti nyeusi. Akavua kofia, akazima injini.

Tulikaa dakika arobaini. Mwishowe Worrel akasema, "Mteremsheni." Wanaume sita wakamteremsha Ma Zelie wakambeba mabegani, wakapita kati ya mabasi na ukingo wa mlima. Wageni walikuwa wameshuka wanatembea kuelekea bwawani, wamevaa nguo za kuogelea, miguu imejaa vumbi. Wakabana pembeni. Mzee mmoja aliinamisha kichwa. Mwanamke aliyejifunga taulo alifanya ishara ya msalaba. Wengine waliinua simu. Sisi tuliimba, lakini wimbo ulikuwa unakatika kila tulipomsukuma mtu atupishe.

Makaburini, kaburi lilipokwisha kufukiwa, Benoite alimgeukia kaka yake mbele ya watu.

"Uliita dunia nzima kuja kuoga kwenye maji ya mama," alisema. "Mama peke yake ndiye aliyekosa nafasi."

Worrel alisimama na koleo mkononi. Nami nilikuwa hatua tatu kutoka kwake, na sikumwambia Benoite kwamba mabasi ya kwanza niliyatuma mimi.

Hakurudi gatini. Kigari cha kijani alikiuza kwa mtu wa Portsmouth, kaskazini mwa kisiwa. Akahamia pwani ya upande wa pili, Wesley, akapata kazi ya kuendesha gari la takataka la wilaya. Benoite alirudi Antigua, na hata leo simu za kaka yake hapokei. Sylvanus ameongeza bwawa la pili. Wanasema maji ya kwanza yamepungua, na siku nyingine ni vuguvugu tu.

Miaka miwili baadaye nilikwenda Wesley kwenye ubatizo, nikamkuta Worrel kando ya barabara akipakia mifuko. Alikuwa amekonda. Tukasalimiana. Nikaona nikiondoka bila kusema, sitasema kamwe.

"Worrel, siku ile mabasi yalipokuja Fond Kanel mara ya kwanza… ni mimi niliyeyatuma. Kwa redio."

"Najua."

"Nani alikuambia?"

"Nilikuwa na redio garini. Nilikusikia."

"Mbona hukuniambia kitu? Miaka yote hii?"

Alifuta mikono kwenye suruali. "Ningekuambia nini? Uniombe radhi, halafu mimi nimwombe nani?"

Nikaanza kulia pale barabarani, na nguo zangu za ubatizo. Hakunibembeleza, wala hakunifukuza. Alingoja mpaka nimalize, kama alivyokuwa akiwangoja wageni. Kisha akafungua mlango wa gari lake, akatoa majimbi matatu aliyopewa na mkulima, akanipa. "Ya kwenda nayo nyumbani," alisema. Akapanda, akaondoka, harufu ya taka ikabaki.

Niliyachemsha jioni hiyo. Yalikuwa ya zamani, magumu, yakakataa kuiva. Nikayala hivyo hivyo, nikalala mapema, kwa kuwa asubuhi meli mbili zilikuwa zinaingia na zamu ilikuwa yangu.