Mira Haamini Rangi ya Kijani

Picha iliyo kwenye kompyuta ni ya kijani tupu, na Miroslava Stojiljković anaitazama kama mtu aliyerudishiwa chenji kubwa kuliko pesa aliyotoa.

"Kijani hiki sikiamini," anamwambia Ljubiša, fundi mwenzake wa meza ya pili. "Umekipika wapi?"

"Dada Mira, wewe hata mkate unaukagua kabla ya kuula," Ljubiša anajibu, mdomo umejaa bureki, andazi la nyama. "Pitisha bwana, mumeo anasubiri huko chini."

Hapo ndipo penye uchungu. Katika karakana hii ya mjini Niš, Mira huvijaribu vihami, vipande vya kuzuia umeme usivuje, vya mashine za eksirei ndani ya kompyuta kabla havijatengenezwa. Anachora kipande, anakitia volti elfu ishirini za DC, umeme usiogeuza mwelekeo, na programu inamwonyesha mahali umeme utakapobana hadi kuweza kuruka. Kijani ni salama, nyekundu ni hatari. Akipitisha, kipande kinatengenezwa na kupelekwa chumba cha majaribio. Anayekitia umeme wa kweli huko ni Tihomir, mume wake.

"Kompyuta haiungui," anasema Mira. "Anayeungua ni Tiho."

Wenzake wanasema shaka ndiyo ugonjwa wake. Dirisha likifunguliwa mkabala na mlango, huuliza nani anataka kumuua kwa upepo. Leo shaka imemwangukia Ljubiša, ambaye jana aliondoka mapema kwenda sikukuu ya mtakatifu wa ukoo wa shemeji yake.

"Alikuwa anakimbilia nguruwe wa kuchoma huyu," Mira ananong'ona.

Ana kipimo chake. Kila kipande kwenye programu hukaa ndani ya sanduku la hewa la kubuni. Mira analipanua sanduku maradufu na kurudia hesabu. Kwa kihami chenye ganda la chuma kama hiki, jibu la kweli halijali ukubwa wa sanduku. Hili limebadilika.

Ljubiša anaacha kutafuna. Wanakagua pamoja. Waya wa ndani umepewa volti zake sawasawa. Ila ganda la nje, lililopaswa kuwekewa sifuri, yaani ethi, njia ya umeme kwenda ardhini, halikuwekewa kitu. Programu imezifanya kuta za sanduku, zilizo mbali, kuwa ethi, na umeme ukaonekana umetulia. Mira anaandika sifuri, na ncha ya kibanio kinacholishika ganda inageuka nyekundu.

"Ungeniachia ujane, Ljubiša."

"Mimi nimebadilisha umbo tu. Faili la kuanzia nimelikuta. Hebu tazama nani aliliandaa."

Mira anatazama. Ni yeye. Aliliandaa zamani kwa vihami vya ganda la plastiki, visivyo na chuma cha kutiwa ethi, na karakana nzima imekuwa ikianzia hapo. Anaona aibu, na haifichi. Mganga hajigangi.

"Nimewakagua ninyi nyote," anasema. "Mimi nani alinikagua?"

Simu ya chumba cha majaribio inalia. "Mke wangu, kipande vipi?"

"Hakuna kipande, Tiho. Zima mitambo yako, ukanywe kahawa."

Mpango wake sasa ni kwamba hakuna faili litakalotumika kabla ya kukaguliwa na mtu asiyeliandaa. Na mtu wa kuzikagua faili zake mwenyewe amekwisha kumteua.

"Ni Ljubiša," anamwambia Tihomir kwenye simu. "Amekuwa na hamu ya kunikosoa tangu aajiriwe."

Lakini kwanza kuna vihami vya zamani vya ganda la chuma, ambavyo Tihomir alivisogelea akiamini kijani cha mkewe, na ambavyo sasa vimo hospitalini. Mira anafungua faili la cha kwanza. Ni cha kijani.

Analipanua sanduku.