Shimo la Papa

Papa yangu alizaliwa kwenye milima ya Masisi, na mutu wa Masisi ukimpa shida yoyote atatafuta jembe. Tulipoanza kusikia bombe upande wa Sake, aligonga ukuta wa nyumba yetu ya mbao pale Katoyi, mjini Goma, akasema risasi ingepita humo na kutokea kwa jirani bila kupunguza mwendo. Hapo alisema kweli. Tulihitaji mahali pa kujificha, na mdogo wetu wa mwisho alikuwa na miezi mitatu tu.

Mama alichagua chini ya kitanda, magunia ya maharagi pembeni. Jirani alitaka twende kanisani, lakini kanisa nalo lilikuwa la mbao, na pasta alikuwa amekwisha vuka mpaka, akatuachia maombi.

Papa alichagua shimo. Goma haichimbiki, chini ni mawe ya volkano tu. Lakini nyuma ya choo kulikuwa na ufa, naye akaupanua kwa mtaimbo wiki mbili nzima, mpaka akazama kufika mabega. Kila siku alitoka humo na kizunguzungu, akalaumu maharagi ya mama.

Mama ni mutoto wa Kituku, hapo hapo mjini, anaijua Goma. Akamwambia, "Papa wa batoto, kwenye shimo kama hiyo kunakuwaka mazuku. Tia kuku kwanza." Mazuku ni ile hewa mbaya inayotoka kwenye mawe, haina harufu, inatulia pa chini, inaua kimya kimya.

Papa alicheka mpaka akakaa. "Nimechimba shimo ya batu, haiko ya kuku." Kwake mazuku zilikuwa hadithi za watu wa mjini, wavivu wa kuchimba. Akatandika nyasi chini kabisa, akatangaza kwamba hapo ni pa mutoto. Majirani waliitwa kuja kutazama.

Bombe zikafika asubuhi moja, hewa imetulia, hata moshi wa jikoni hausogei. Papa akamnyakua mutoto, akakimbia, sisi nyuma yake. Ukingoni mwa shimo akasimama. Kuku wetu wa mayai alikuwa amelala kwenye nyasi za mutoto, hana jeraha. Papa akamrushia kokoto. Hakutikisika. Mama akamchukua mutoto mikononi mwa papa, akarudi naye ndani. Ningekuwa mimi, ningemtukana kwanza.

Tukajibana chini ya kitanda, mama na sisi watoto sita, mguu wa huyu puani mwa yule. Papa hakuingia. Alilala sakafuni, nje ya kitanda, amejibandika ukutani upande wa barabara, kule risasi zilikotoka. Nikafikiri muzee amenuna kwa sababu ya shimo lake. Nilimcheka kimoyomoyo siku mbili, na nikawaambia wadogo zangu nao wamcheke.

Sasa papa hayupo, na ninaona haya. Mimi nina watoto wangu, nyumba bado ni ya mbao. Juzi milio ilipoanza tena niliwasukuma chini ya kitanda, nikalala sakafuni, nje ya kitanda, mgongo kwenye ukuta wa upande wa risasi. Mkubwa wao akachungulia, akaniuliza nimenunia nini.